Dawa Iliyo Ndani ya Oili

Hotuba hii niliitoa Kisumu, mbele ya mafundi wa jua kali, waendesha boda boda, akina mama wa vikundi vya sabuni na wanafunzi wa kemia. Waliokosa kufika waliniomba niiandike, nami nimeiweka hapa kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mama zangu, baba zangu, ndugu mafundi, vijana wa boda boda, wanafunzi: hamjambo? Erokamano kwa kuacha kazi mchana kama huu. Najua kila fundi aliyeketi hapa ana gari limelala juu ya mawe linamngoja.

Nianze na swali. Ni nani hapa amewahi kununua oili ya injini? Naona mikono yote. Haya, ni nani anayejua alichonunua? Naona mikono inashuka, na hilo ndilo lililonileta.

Ukinunua lita nne za oili ya kisasa, sehemu kubwa ni oili ya msingi, ile iliyosafishwa kutoka kwa mafuta ghafi. Lakini kati ya asilimia 10 na 25 si oili. Ni kemikali zilizotengenezwa kiwandani na kuongezwa humo. Mafundi huziita dawa, na mimi jina hilo nalipenda, kwa sababu kila moja ina ugonjwa wake. Ipo ya kuosha. Ipo ya kushika masizi yasigande. Ipo ya kuzuia chuma kisilane na chuma. Ipo ya kuzuia oili isioze kwa joto, ya kuzuia kutu, ya kuifanya isiwe nyepesi mno injini ikichemka. Ipo hata ya kuua povu, na hiyo hutiwa sehemu chache tu kwa milioni. Oili ya msingi bila dawa ni kama maji ya moto bila majani ya chai. Yana joto, lakini huwezi kumpa mgeni.

Mimi nilifanya kazi miaka mingi mahali pa kuchanganya oili. Tulipasha oili ya msingi moto, tukamimina dawa kutoka kwa mapipa ya lita 200, tukakoroga, tukapima, tukajaza mikebe. Mapipa yale yalitoka ng'ambo, kila moja, kila mwezi. Tulikuwa na jiko, sufuria na mwiko, lakini majani, sukari na maziwa vyote vililetwa na meli. Swali lililonisumbua tangu wakati huo ni hili: je, hakuna hata kimoja tunachoweza kukitengeneza wenyewe?

Kabla sijalijibu, niwapeleke Luanda, huko Vihiga. Baba yangu alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, injini ya dizeli ya silinda moja, ile yenye gurudumu kubwa inayolia tuku-tuku-tuku ukaisikia kutoka ng'ambo ya bonde. Oili alinunua ya kupimiwa kutoka kwa pipa. Ilikuwa na rangi ya asali, unatia kidole unakiona. Baba aliisifu kwa usafi huo. Msimu mmoja wa mavuno, kinu kikaanza kutoa moshi na kuishiwa nguvu. Ikafika siku hakikuwaka kabisa, na akina mama wamepanga madebe na magorogoro yao mpaka barabarani.

Fundi alipotoa pistoni, ringi zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake, hazichezi hata ukizisukuma kwa bisibisi. Kitu kama lami kilikuwa kimezishika. Mimi nilikuwa na miaka 10, na kazi niliyopewa ilikuwa kukwangua lami ile kwa kipande cha ringi iliyovunjika na mafuta ya taa. Nilikwangua siku mbili. Mikono yangu bado inakumbuka.

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba ugonjwa ule ule uliwashika Wamarekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Trekta za dizeli za Caterpillar zilikuwa zikigandisha ringi shambani. Kampuni hiyo ikashirikiana na Standard Oil ya California, na mwaka 1935 ikaanza kuuzwa oili iliyoitwa Delo, yenye dawa ya kuosha ndani yake. Fikirini, ndugu zangu. Dawa ya kinu cha baba ilikuwa sokoni kabla baba hajazaliwa. Ile ya pipa haikuwa nayo, na hakuna aliyepima kujua.

Sasa nigeukie akina mama wa sabuni. Mnapotengeneza sabuni ya maji, mnatumia asidi ya salfoniki. Si kweli? Mnaijua: nzito, ya kahawia, inachoma mikono. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu, kichwa huuvuta majini, sahani ikatoka safi. Basi dawa ya kuosha injini ni binamu ya sabuni yenu. Tofauti iko mkiani. Mkia wa sabuni ya vyombo una kaboni 10 hadi 13. Wa injini ni mrefu zaidi, kaboni 16 hadi 24, ili ile dawa ikae ndani ya oili isikimbilie maji. Mama anayejua kwa nini sabuni yake inatoa povu ameshafika nusu ya njia ya kuielewa injini. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia kemia ni ya watu wa ng'ambo.

Na fundi, hapa nikuombe jambo. Mteja akikuambia oili yake imekuwa nyeusi kwa haraka kwa hiyo ni mbaya, mweleze. Kwenye dizeli, masizi lazima yatoke. Yakiwa ndani ya oili, utayamwaga siku ya kubadilisha. Oili ikibaki ya dhahabu baada ya kilomita elfu tatu za mzigo, jiulize: masizi yako wapi? Yamebaki ndani ya injini, kama kwa baba yangu.

Dawa hii ya kuosha ina kazi ya pili, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Dizeli ina salfa. Salfa ikiungua na kukutana na unyevu huwa asidi, na asidi hula beringi. Kwa hiyo dawa ya kuosha hubebeshwa chokaa ya kuua asidi hiyo. Nguvu yake hupimwa kwa namba, na oili nyingi za malori huwa na namba karibu na 10. Ikishuka hadi nusu, oili imechoka hata kama bado ni nzito. Mwaka 2015 kiwango cha juu cha salfa kwenye dizeli inayouzwa Kenya kilishushwa kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa milioni. Asidi imepungua sana, na kadiri dizeli inavyosafishwa ndivyo chokaa inayohitajika inavyopungua. Ikizidi huacha majivu kwenye pistoni. Dawa hufuata ugonjwa, na ugonjwa hubadilika.

Sasa inatengenezwaje? Nisikilizeni vizuri hapa, hasa wanafunzi.

Unachukua ile asidi ya salfoniki yenye mkia mrefu, unaiyeyusha kwenye oili nyepesi na kiyeyushi. Unatia chokaa iliyozimwa kwa maji na kukaushwa ikawa unga. Unatia methanoli kidogo ya kusukuma kazi. Kisha unapuliza hewa ya kaboni dioksidi polepole, huku mwiko unazunguka na joto linalindwa. Hewa inakutana na chokaa na kuzaa kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kilicho kwenye jiwe la chokaa na kwenye ganda la yai. Lakini hapa inazaliwa ikiwa chembe ndogo ajabu, za nanomita chache, na kila chembe imezungukwa na molekuli za sabuni, mikia ikitazama nje. Kwa hiyo jiwe linaelea ndani ya oili na oili inabaki angavu! Baadaye unachemsha kuondoa methanoli, maji na kiyeyushi, unachuja makapi. Ukipima, unakuta namba ya 300, hata 400. Hiyo ndiyo inayokwenda kwenye pipa, na kidogo chake kinatosha galoni nyingi.

Hivi mmesikia vitu vilivyotajwa? Chokaa. Hewa ya kaboni dioksidi. Chokaa inachomwa Koru, hapo tu ukielekea Kericho. Muhoroni wanatengeneza spiriti kwa molasi ya miwa, na molasi ikichachuka hutoa hewa hiyo hiyo. Kila kilo moja ya spiriti huzaliwa pamoja na karibu kilo moja ya kaboni dioksidi. Viungo viwili vya dawa tunayoagiza kwa meli viko kwenye barabara moja ya kaunti yetu.

Sitaki kuwadanganya. Asidi yenye mkia mrefu haitengenezwi huku. Oili ya msingi haitoki huku. Methanoli haitoki huku, na hiyo methanoli inataka kufungiwa kwa kufuli mbili, maana nchi hii imezika watu kwa pombe iliyotiwa methanoli, na mwaka 2014 tulizika wengi. Hata chokaa ya Koru siwezi kuimwaga ndani kwa kuipenda tu. Lazima ipimwe mchanga wake, magnesiamu yake, chuma chake. Punje ya mchanga ndani ya oili ni msasa. Pima kwanza.

Niwape kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu kuitengeneza mwenyewe katika maabara niliyoazimwa, chungu cha lita tano. Mara mbili ilikubali. Mara ya tatu maji yalizidi na joto likapanda, na niliyokuwa nikiikoroga kama uji ikawa ugali mbele ya macho yangu. Chembe zile zilikuwa zimegeuka fuwele, zikashikana. Niliumia, maana asidi ile nilikuwa nimeilipia kwa pesa zangu. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya kutunza mitambo ya kiwanda cha sukari alikuwa amekuja kunitembelea. Akachovya kidole, akasugua, akakiweka kidole chini ya mfereji wa maji. Haikutoka. Akaniambia, "Kijana, hii ni grisi. Na hii ndiyo grisi tuliyokuwa tukiitafuta."

Alikuwa sahihi. Grisi ya kalsiamu salfoneti inajulikana duniani, na hutengenezwa kwa kuigeuza dawa ile kwa makusudi, kwa maji na asidi kidogo ya aina ya siki. Sifa yake ni kuvumilia maji na mzigo mzito. Sasa tazameni tulipo. Viwanda vya miwa, ambako maji na utamu wa miwa huosha grisi kwenye beringi za vinu usiku na mchana. Ziwa, na mashua zenye injini. Trekta kwenye tope la Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Ni wapi pengine Kenya grisi isiyoogopa maji ingehitajika kuliko hapa?

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaopinga. Tusianze na oili ya injini. Tuanze na grisi. Oili ya injini ya kisasa haithibitishwi kwa macho wala kwa maabara pekee. Alama za API, taasisi ya mafuta ya Marekani, zinataka oili iendeshwe ndani ya injini halisi kwa saa nyingi, injini ifunguliwe, vipimwe ringi, kamshafti na uchafu wa pistoni. Ukibadilisha kiungo kimoja, majaribio mengine yanarudiwa. Hizo ni pesa ambazo kikundi hakina. Grisi ina vipimo vyake vikali, lakini ni vipimo ambavyo maabara ya chuo inaweza kuvimudu. Tujenge mkono huko. Watoto wetu wakija kutengeneza dawa ya injini, watakuta chungu, mizani na desturi ya kupima.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni, "Na ile dawa ya zinki je?" Swali zuri. Tujibu kwa uzito.

Dawa hiyo huitwa ZDDP. Ilianza kutumika miaka ya 1940 kuzuia oili isioze na beringi zisiliwe, na ni baadaye tu ndipo ikaonekana inafanya makubwa zaidi. Chuma kikisugua chuma kwa joto, hiyo dawa huvunjika na kuacha utando mwembamba kama kioo, na utando ndio unaosuguliwa badala ya chuma. Kamshafti nyingi mnazoziona nzima ni kwa sababu yake. Lakini fosforasi yake hudhuru kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi, ndiyo maana kwenye oili nyepesi za kisasa za injini za petroli fosforasi huzuiwa isipite sehemu 800 kwa milioni. Magari tunayoyaagiza Japan yakiwa na umri usiozidi miaka 8 yana vichujio hivyo, kwa hiyo jambo hili ni letu pia.

Kuitengeneza, unachanganya salfaidi ya fosforasi na alkoholi, kisha unatuliza asidi inayopatikana kwa oksaidi ya zinki. Kwa maneno ni rahisi. Hata alkoholi zinazofaa, kama isobutanoli, zimo kidogo kidogo kwenye masalio ya mtambo wa kukamulia spiriti. Lakini hatua ile ya kwanza hutoa haidrojeni salfaidi. Mnaijua hewa hiyo? Inanuka yai viza.

Tulikuwa kazini, msimu wa baridi, dawa ya zinki imekuwa nzito ndani ya mapipa. Mtu akafunga mkanda wa kupasha pipa moto jioni, akasahau kuuzima. Ile dawa ikipashwa kupita kiasi huanza kuvunjika na kutoa hewa hiyo. Asubuhi mwenzangu akafungua kizibo. Harufu ikajaa chumba. Sote tukaruka nyuma. Baada ya muda mfupi akasema, "Imekwisha, sisikii tena," akainama kuchungulia. Akaanguka.

Haikuwa imekwisha. Kilichokwisha ni pua yake. Hewa hiyo ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na ikizidi mara chache tu ya hapo inaua mtu. Tulimvuta kwa miguu hadi nje, Mungu akamrudisha. Mpaka leo nikikumbuka neno lake, "sisikii tena," nasisimka. Kwa hiyo jibu langu, kijana, ni hapana. Si nyuma ya nyumba, si kwenye kibanda, si hata kwenye maabara ya shule. Kazi ile inataka mnara wa kuoshea hewa kwa soda kali, vipimio vya hewa ukutani na kifuani, na watu waliofunzwa kuokoa. Siku tukiwa navyo, tutazungumza.

Jambo la mwisho ni la boda boda. Kijana mmoja wa Kondele alikuwa akishindwa kupanda kilima cha Riat na abiria. Injini inalia, pikipiki haiendi. Akaambiwa klachi imekwisha, akanunua sahani mpya. Wiki mbili, ugonjwa umerudi. Akanunua tena. Alipokuja kwangu nilimwuliza swali moja tu: unaweka oili gani? Akanionyesha mkebe mzuri, ghali, wa gari dogo, ulioandikwa kwamba inapunguza msuguano na kuokoa petroli.

Pikipiki nyingi klachi yake inaoga ndani ya oili ile ile ya injini. Klachi inaishi kwa msuguano! Ukiiogesha kwa dawa ya kuondoa msuguano, itashikaje? Ndiyo maana Wajapani waliweka alama ya JASO MA kwa oili za pikipiki za namna hiyo. Tuliimwaga ile, tukaosha, tukaweka yenye alama. Riat anapanda. Alikuwa amelipia sahani mbili za klachi kwa kosa ambalo sahani hazikulifanya.

Na hapo ndipo hunikera zile chupa ndogo mnazouziwa, za kumwaga juu ya oili ili injini "iwe mpya". Dawa hizi hupimana nguvu. Zote zinagombania uso ule ule wa chuma. Ukiongeza moja bila kujua, unaweza kuifukuza nyingine kazini. Aliyechanganya oili yako alipima uwiano. Aliyekuuzia chupa alipima nini?

Nimesema sana. Mezani kule nyuma kuna karatasi nyeupe za kuchujia, nimezikata vipande. Kila aliyekuja na chombo, achomoe kijiti cha oili, aangushe tone moja katikati ya karatasi, aandike namba ya gari na kilomita tangu oili ibadilishwe, kisha aiache ikauke. Tone likitawanyika kijivu sawasawa mpaka ukingoni, dawa ya kushika masizi bado iko kazini. Ukiona doa jeusi zito katikati lenye mpaka mkali, na nje yake oili tupu, dawa imechoka na oili imwagwe leo. Imwagwe kwenye dumu, tafadhali, si kwenye mtaro, maana mitaro ya hapa inaishia ziwani. Kuna pia bamba la moto: tone likilia kama chumvi motoni, oili ina maji, na fundi aangalie gaskiti ya kichwa cha silinda.

Wanafunzi watawasaidia kusoma. Wale wa pikipiki waanze, abiria wasiwangoje. Akina mama wa sabuni, tubaki kidogo tuzungumze kuhusu ile safari ya kwenda Koru kuchukua chokaa ya kupima.